Steki ya Mama Mfuniko

Wanaomjua kwa jina lake la kuzaliwa ni wachache, na hata hao siku hizi wanalisahau. Alipika katika jiko la hospitali miaka ishirini na sita, na kwa miaka yote hiyo neno alilolitamka mara nyingi kuliko salamu lilikuwa moja tu: "Funika!" Sufuria ikiachwa wazi kwa muda wa kupiga chafya, "Funika!" Ndoo ya maziwa, "Funika!" Siku moja daktari mkuu alipita jikoni na kikombe chake cha chai, akasikia "Funika!" kisogoni, akaweka kiganja juu ya kikombe kabla hajajua anachofanya. Tangu siku hiyo wakamwita Mama Mfuniko, na jina likamganda.

Usimcheke. Mwaka wake wa kwanza kazini nzi mmoja, mmoja tu jamani, alionekana kwenye uji wa wodi ya watoto, na msimamizi wa wakati ule akamsema mbele ya wenzake mpaka akatamani ardhi ipasuke aingie. Akaapa hatasemwa tena. Na kweli hakusemwa tena, mpaka siku hospitali ilipoamua kwamba chakula kitaletwa na kampuni kutoka nje, kwenye vikasha, na wapishi wote wanane wakaitwa ofisini kupokea barua. Aliisoma yake mara tatu akitafuta kosa lake. Halikuwemo. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko kuachishwa kwenyewe. Mtu akikosa akaambiwa umekosa, sawa, lakini kutolewa tu hivihivi kama kiti kibovu!

Basi akakaa nyumbani miezi saba. Nyumba yenyewe vyumba viwili na jiko kwa nyuma, jiko la gesi la mafiga mawili, moja kali na jingine la kubembeleza. Aliishi na binti yake, msusi mwenye saluni ya viti vitatu pale njia panda, maana baba wa binti alikwisha kutangulia siku nyingi. Binti anaondoka asubuhi, mama anabaki. Anapiga deki. Anapanga vyombo. Anavipangua, anavipanga upya. Kufika saa nne ameshamaliza kila kitu na siku ndiyo kwanza inaanza.

Halafu kuna kaka yake. Mtu mwema, sina la kumsema, ila ni king'ang'anizi. Kila Jumapili lazima apige simu. "Mdogo wangu, funga hiyo nyumba uje huku kwangu. Chumba kipo. Umefanya kazi ya kutosha, pumzika." Mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye mikono inayoinua sufuria la lita arobaini, anaambiwa apumzike! Mama Mfuniko alijua mapumziko hayo yatakuwaje. Atakaa sebuleni kwa wifi yake, atapewa mto wa kuegemea, ataitwa chakula kikiwa tayari. Atakuwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Lakini hakuwa na jibu la kumpa kaka, na kaka alikuwa amesema anataka jibu mwezi ukiisha. Zilibaki siku tisa.

Habari ya kazi ililetwa na kichwa kimoja kilichokuwa kikisukwa saluni. Mteja alisema kuna mgahawa mtaa wa tatu kutoka pale, una meza saba tu, na mwenyewe watu humwita Mzee Meza Saba. Mpishi wake wa miaka mingi alikuwa ameacha kwa sababu ya magoti, na mzee anatafuta mwingine. Chakula kinachojulikana pale ni kimoja: steki iliyokaangwa kwenye kikaango cha chuma, na sosi ya krimu juu yake. Watu huweka nafasi siku mbili kabla.

"Lakini yule mzee ana vituko," mteja alisema. "Hakupimi jikoni kwake. Anakuja kwako. Anasema jikoni kwake kila mtu hodari, maana vyombo ni vyake na moto ni wake. Anakuja Jumamosi saa saba mchana, unampikia steki, anakula, anaondoka. Ameshawakataa sita. Wote anawaambia kitu kimoja: nyama yako ngumu."

Binti alifika nyumbani hata mkoba hajauweka. "Mama, nimeshampigia. Anakuja Jumamosi."

"Nani anakuja?"

Alipoelezwa, Mama Mfuniko aliketi. Akasimama. Akaketi tena. "Mwanangu wewe una wazimu. Mimi nimepika nyama ya watu mia nne. Steki sijawahi kupika hata moja."

"Basi hii itakuwa moja. Ni rahisi kuliko mia nne."

Ndivyo watoto wanavyohesabu.

Jumatano asubuhi akaenda buchani. Muuza nyama alimkatia vipande vya sarara, ile nyama laini ya mgongoni, unene wa vidole viwili, akamwambia, "Mama, hii ni nyama ya dakika, si nyama ya saa. Usiiadhibu." Jioni binti akasimama na simu mkononi akimsomea maelekezo. Nyama itoke kwenye jokofu mapema ubaridi uishe. Ikaushwe kwa kitambaa kabisakabisa. Chumvi na pilipili manga. Kikaango kipate moto mpaka mafuta yaanze kutoa moshi mwembamba. Nyama iwekwe, iachwe dakika tatu, igeuzwe mara moja, dakika tatu nyingine.

Ikawekwa. Ikalia shaaa! Sauti nzuri kweli. Kisha sauti ikafifia, ikawa inachemka taratibu, na walipogeuza, nyama ilikuwa na rangi ya kitambaa cha kudekia na imeogelea kwenye maji yake.

"Mama, umefunika," binti akasema.

"Sijafunika mimi."

"Mfuniko huo hapo mkononi mwako."

Mama Mfuniko akatazama mkono wake. Wallahi, ulikuwa umeshika mfuniko, na maji ya mvuke yanadondoka. Hakukumbuka kabisa kuufunika. Mkono ulikuwa umefanya wenyewe, kama ulivyofanya kwa miaka ishirini na sita. Sasa wewe elewa: steki ikifunikwa haikaangiki, inachemshwa na mvuke wake. Ile rangi ya kahawia na ule ukoko wenye utamu wote wa nyama haviji, hata ungeimba.

Alhamisi binti akakusanya mifuniko yote ya nyumba ile, tisa, akaitia kwenye beseni akaipeleka kwa jirani. Jirani akauliza, "Kwani mnahama?" Akajibiwa, "Hapana, tunapika." Jirani hakuelewa na hakuna aliyemsaidia. Jioni nyama ikawekwa kikaangoni, ikalia vizuri, binti akageuka kidogo tu kuangalia dakika kwenye simu, na aliporudi akamkuta mama yake ameifunika kwa sinia.

"Mama!"

"Sinia si mfuniko," Mama Mfuniko akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Wakaila steki ile ya kijivu. Binti alicheka mpaka akapaliwa. Mama yake hakucheka. Baada ya kula alikwenda kusimama dirishani, akasema bila kugeuka, "Mimi naona nimpigie mjomba wako. Huu mkono hautafundishika tena." Binti akaacha kucheka. Hakuwahi kumsikia mama yake akisema maneno ya kukata tamaa, hata siku ya ile barua, na yakamtisha.

"Kimebaki kipande kimoja cha kujaribia," akasema. "Kesho, Mama. Ukishindwa kesho, mimi mwenyewe nampigia mjomba."

Na sosi nayo isisahaulike, maana ilikuwa na mambo yake. Alhamisi hiyohiyo Mama Mfuniko alitengeneza sosi ya krimu kwa kipimo cha jicho lake, na jicho lake lilikuwa jicho la wodi nane. Ikatoka sufuria nzima. Nyumba nne za jirani zilikula wali kwa sosi ya krimu na uyoga, na walimu wawili waliopanga nyumba ya mbele wakauliza kama kuna sherehe.

Ijumaa alipata ujanja wake mwenyewe. Alipoiweka nyama tu kikaangoni, alirudi nyuma hatua mbili akafunga mikono mgongoni, kidole kwa kidole, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Mikono ikawa inahangaika huko nyuma, binti aliiona ikitafuta cha kufunikia. Mafuta yaliruka, moshi ukajaa, na kila mshipa wa mwili wake ulikuwa ukimwambia kuna chakula kiko wazi. Hakusogea. Dakika tatu. Akaigeuza. Na ile nyama, jamani, ilikuwa kahawia tupu, imekauka juu inang'aa, ina harufu ya kumtoa mtu usingizini. Walipoikata ilikuwa bado na rangi ya waridi katikati, na maji yake yametulia ndani.

"Wodini kwetu wangenifunga kwa hii," Mama Mfuniko akasema, akajitia kipande mdomoni. Akatafuna. Akafumba macho. "Basi na wafunge."

Jumamosi Mzee Meza Saba alifika saa saba kasorobo. Mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na uso wa mtu aliyelala na mgogoro. Alisalimia, akakataa sebule, akavuta kiti akaketi hapohapo kwenye meza ndogo ya jikoni, karibu kabisa na mpishi. "Endelea tu, Mama," akasema. "Mimi sipo."

Aliendelea. Nyama ilikuwa imeshakaushwa. Kikaango kikatoa moshi, nyama ikalia, mikono ikaenda mgongoni. Mzee akaitazama hiyo mikono. Mama Mfuniko akaigeuza nyama. Dakika ya mwisho akatia kipande cha siagi na kitunguu saumu kilichopondwa, akawa anachota siagi iliyoyeyuka na kuimwagia nyama kwa kijiko, mara kwa mara. Akaitoa, akaiweka kwenye sahani ipumzike. Kwenye kikaango hichohicho akatia kitunguu kilichokatwa vidogo, uyoga, kisha supu kidogo, akakwangua ule ukoko wote wa chini kwa mwiko wa mbao. Ndipo akatia krimu. Moto ulikuwa juu mno, na krimu ikaanza kukatika, mafuta huku maji kule. Binti alishika mdomo. Mama Mfuniko akatoa kikaango motoni, akatia vijiko viwili vya maji ya moto, akakoroga kwa nguvu, na sosi ikarudiana ikawa laini tena. Kwa hilo hakuhitaji simu. Sosi imewahi kumkatikia akiwa na watu mia nne wanasubiri.

Akapakua, na viazi vilivyopondwa pembeni. Mzee akakata kipande, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna sana, upande wa kushoto tu. Akakata cha pili, kidogo kuliko cha kwanza. Kisha akaweka kisu chini, akahamia kwenye viazi, akawa anavichovya kwenye sosi na kula kwa hamu.

"Sosi nzuri sana," akasema. "Nzuri mno. Ila nyama, Mama. Nasikitika. Nyama ni ngumu."

Binti akamtazama mama yake akitegemea kumwona amevunjika. Lakini mama yake hakuwa akimtazama mzee wala hakuonekana kusikia. Alikuwa anaitazama sahani.

Kuna kazi nyingine aliyokuwa akiifanya kule hospitalini ambayo hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Toroli za vyombo zilipokuwa zikirudi kutoka wodini, alisimama dirishani akazisoma sahani. Mgonjwa aliyekula pembeni akaacha katikati, chakula kimemfikia moto mno. Aliyekunywa chai tu na kuacha vyote, huyo ana hofu, anasubiri majibu. Na aliyekula vilaini vyote akaacha nyama ina alama mbili za meno upande mmoja, kwa huyo nyama haina kosa.

"Mzee, samahani," akasema, na kabla mtu hajapumua alikuwa ameichukua sahani mbele ya mgeni.

"Mama!" binti akanong'ona kwa ukali.

Mama Mfuniko aliweka nyama kwenye ubao, akachukua kisu chake chembamba, akaikata kwa kukingama na nyuzi zake, vipande vyembamba vya kuona mwanga. Akavirudisha kwenye sosi ya moto kwa kuhesabu mpaka kumi, akavimimina kwenye sahani, akaondoa uma akaweka kijiko.

"Kula sasa. Na utafunie upande huohuo wa kushoto."

Mzee alichukua kijiko. Halafu akala. Alikula cha kwanza, cha tano, cha kumi, hakuinua uso mpaka alipofuta sahani kwa kiazi cha mwisho. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu.

"Miezi minne," akasema. "Gego la kulia, chini. Nilifikiri ni nyama. Mpishi wangu alipoondoka nikasema, ameondoka na mkono wake, hakuna tena anayejua kupika. Kumbe ni mimi."

"Mke wako hajui?"

"Hajui. Atanipeleka kwa daktari wa meno."

"Na mimi nakupeleka," Mama Mfuniko akasema. "Mzee mzima unaogopa koleo?"

Mzee akacheka, kisha akashika shavu maana kucheka kuliuma. "Basi Mama, yameisha. Njoo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Kazi ni yako."

Binti alitaka kuruka. Alikuwa ameshafungua mdomo kupiga kigelegele mama yake alipouliza swali ambalo mtoto huyo atalikumbuka mpaka azeeke.

"Na wale sita?"

"Sita gani?"

"Uliowaambia nyama yao ngumu."

Chini ya meza binti alimkanyaga mama yake mguu kwa nguvu zote. Mama Mfuniko hakuusogeza. Alijua vizuri anachofanya, na alikuwa anaogopa. Miongoni mwa hao sita huenda wapo wanaojua steki kuliko yeye, wasiohitaji kufunga mikono mgongoni. Mzee akikumbuka nyama zao vizuri, kazi inaweza kumponyoka hapohapo mezani. Lakini alikuwa ameisoma barua yake mara tatu akitafuta kosa.

"Wako majumbani mwao sasa hivi wanajiuliza wamekosea wapi," akasema. "Hawakukosea. Wapigie uwaambie hivyo tu. Ukimpata aliye bora kuliko mimi, umchukue. Sitakulaumu."

Akazima gesi aliyokuwa ameisahau. Mzee Meza Saba akatoa simu mfukoni, akavaa miwani, akatafuta namba kwa kidole kimoja. Akapiga.

"Haloo. Mimi ni yule mzee niliyekuja kwako mwezi juzi, ukanipikia. Ndiyo. Sikiliza, nyama yako haikuwa ngumu. Ilikuwa nzuri. Jino langu ndilo bovu. Nimepiga kukuomba radhi." Akasikiliza. Upande wa pili mtu alikuwa anaongea haraka, sauti ya mwanamke, inapanda na kushuka. Mama Mfuniko alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Aliifuta sehemu moja tu, tena na tena.

"Bado unataka kazi?" mzee akauliza kwenye simu. Binti akafumba macho. "Basi njoo Jumatatu saa kumi na mbili. Nahitaji wawili, mmoja hatoshi kwa meza saba, na yule wa zamani alimaliza magoti yake kwa sababu yangu. Utakuwa msaidizi. Wengine nitawapigia leoleo. Nini? Utamsaidia nani?"

Akamtazama Mama Mfuniko, aliyesimama na kitambaa mkononi na machozi yanamtiririka waziwazi, wala hayafuti.

"Utamsaidia mpishi mkuu," mzee akasema. "Nipo kwake hapa. Amenikatia nyama."